Jinsi ya kuposti picha zako za mlimani na kuishi na wakosoaji ambao hukuwaita

Kuna picha nilipiga Mgeta, huku milima ya Uluguru, asubuhi moja, ukungu umelala mabondeni, matuta ya kabichi na njegere yanaonekana nusu nusu kama mtu amejifunika shuka, nikaiposti bila kuwaza sana. Nusu saa haijaisha, jamaa mmoja nisiyemjua akaandika: "Hii nayo ni picha? Ukungu mtupu, hakuna sabjekti, hakuna fokasi, rudi darasani." Nikamjibu, akajibu, nikamjibu tena kwa aya nne nzima, na mpaka saa 8 usiku nimekaa kitandani nabishana na mtu ambaye hata anakokaa sikujui. Asubuhi nikaifuta picha. Baada ya siku tatu ikaingia meseji ya mzee mmoja anayeishi Dar: "Mwanangu, ile picha ya kwetu umeipeleka wapi? Nilitaka kumwonyesha mama yenu." Hiyo meseji iliniuma kuliko matusi yote ya yule jamaa, maana niligundua nimemsikiliza mtu mmoja aliyekuja kuponda na nimemnyang'anya mtu aliyekuja kuangalia kwao.

Kuanzia hapo nikajiwekea utaratibu, na ndio huu naushusha hapa hatua kwa hatua. Napanda zaidi milima ya Uluguru kwa sababu niko Morogoro, na mara moja moja nafika Lushoto au upande wa Arusha, kwa hiyo mifano mingi itatoka huko, ila ukiwa unatembea Ngong au Longonot kule Kenya mambo ni yale yale.

Hatua ya 1: Anza na simu kabla hujaanza kupanda

Futa lensi. Simu ikikaa mfukoni inashika jasho na mafuta ya vidole, na picha nyingi ambazo watu wanasema hazina fokasi kumbe lensi ndio chafu, mwanga unatawanyika picha nzima inakuwa kama imepakwa mafuta. Tumia kitambaa laini kisafi, sio pindo la fulana uliyopigia vumbi tangu stendi. Halafu ingia kwenye setingi za kamera uwashe ile mistari ya gridi, itakusaidia kunyoosha upeo wa macho, maana ziwa au tambarare ikilala upande hilo ndilo kosa la kwanza kila mtu analiona na kusema ukweli wanakuwa na haki.

Chaji nayo. Kwenye baridi betri inaisha haraka sana, ukienda Meru au Kilimanjaro simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili na usiku ulale nayo ndani ya begi la kulalia. Zima data, simu inayohangaika kutafuta mtandao inakula chaji bure.

Hatua ya 2: Piga ukiwa unajua mwanga unafanya nini

Hapa ndio penye kazi yenyewe na ukipafanya vizuri nusu ya wakosoaji wanakosa la kusema. Huku kwetu tuko karibu na ikweta, jua linapanda wima na kwa haraka, ule mwanga wa dhahabu wa asubuhi hauchukui muda mrefu kama unavyosoma kwenye maelekezo ya watu wa Ulaya. Ukitaka kupiga Morningside, kule mlimani juu ya mji wa Morogoro, jua likichomoza inabidi uanze kupanda giza giza na mtu anayeijua njia, sio ufike saa 3 halafu ulalamike picha imekuwa nyeupe. Saa 6 mchana vivuli vimekatika, mlima unaonekana bapa, hapo mimi naweka simu mfukoni nakula zangu.

Mlima kuonekana mdogo ni malalamiko makubwa, "yaani huo ndio mlima uliotutambia?" Sababu ni kwamba lensi kuu ya simu inachukua eneo pana, vitu vya mbali vinasinyaa. Dawa ziko mbili. Kama simu yako ina lensi ya pili ya kuvuta, itumie, lakini kama haina usivute kwa vidole kwenye skrini kwa sababu hapo simu inakata tu kipande cha picha na kukikuza, ubora unapotea. Dawa ya pili ambayo mimi naipenda zaidi ni kuweka kitu ambacho jicho linakijua ukubwa wake, mtu, nyumba, mti, ng'ombe. Pale Irente, lile genge la kutazamia kule Lushoto, ukipiga tambarare ya chini peke yake inaonekana kama ramani tu, lakini mwenzio akikaa kwenye jiwe la pale juu, mbali na ukingo tafadhali, ndipo mtu anashtuka kuona ardhi imeshuka chini kiasi gani.

Ukungu na theluji vinaichanganya kamera. Kamera inajaribu kuufanya mwanga wote uwe wa wastani, ikiona weupe mwingi inaushusha, matokeo yake ukungu unatoka kijivu kama moshi wa tanuru la matofali. Gusa skrini pale ulipo ukungu halafu pandisha ule mshale wa mwanga kidogo. Ukiwa na jua mbele yako fanya kinyume chake, gusa sehemu ya angani ili mawingu yasiungue yakawa doa jeupe, kwa sababu kivuli unaweza kukipandisha baadaye lakini wingu lililoungua halirudi.

Hatua ya 3: Chagua chache

Umerudi na picha 200, usiposti 40. Kaa siku mbili kwanza, uchovu uishe, halafu chagua tano au sita. Mimi najiuliza swali moja tu, je hii inamwonyesha mtu kitu nilichokiona, au inanikumbusha tu mimi jinsi nilivyojisikia? Zote ni nzuri ila za aina ya pili zinakaa vizuri kwenye albamu yako au kwenye grupu la mliopanda pamoja, huko nje watu hawatahisi ulichohisi. Na ile picha unayoiposti huku moyoni unajua ina kasoro, iache, maana mkosoaji akiigusa kasoro unayoijua ndio utakasirika mara mbili.

Hatua ya 4: Kuedit kwa kiasi, na uweze kusema ulichofanya

Nyoosha upeo, kata pembeni, pandisha vivuli kidogo, basi. Rangi ndio mtego mkubwa, hasa kijani. Msitu wa Uluguru una kijani kizito chenye weusi ndani, ukisukuma rangi mpaka majani yawake kama soda ya kijani, mtu aliyezaliwa pale anajua mara moja kwamba sio kwao. Namna ya kupima: angalia ngozi ya mtu aliyeko kwenye picha au mawingu, ngozi ikiwa ya chungwa au wingu likiwa na zambarau ambayo hukuiona, rudisha nyuma. Iangalie pia kwenye simu ya mtu mwingine mchana, skrini za siku hizi zinadanganya sana usiku mwanga ukiwa umeshushwa.

Kubadilisha anga ukaweka mawingu ya sehemu nyingine, au kufuta minara ya mawasiliano pale juu kwenye kilele cha Bondwa, Uluguru, mimi sifanyi. Ukifanya wewe sikukatazi lakini iandike kwenye kapsheni. Ile minara ipo, kila anayepanda anaikuta, ukiificha na mtu akaja kukuumbua hapo huna pa kusimama.

Hatua ya 5: Kapsheni ndio mlango, ufunge au ufungue mwenyewe

Andika mahali, mwezi na mwaka, na ulipokuwa umesimama. Mwaka una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukua Kilimanjaro, barafu ya kule juu imepungua sana ukilinganisha na ilivyopimwa 1912, ukiposti leo picha ya miaka kumi nyuma bila kuandika mwaka utakuwa umewapotosha watu na komenti nzima itageuka ugomvi wa theluji ipo au haipo. Mahali pia. Ukipiga Kilimanjaro ukiwa Amboseli tembo wako mbele, andika hivi: mlima Kilimanjaro, Tanzania, picha imepigwa kutoka Amboseli, Kenya. Neno moja likikosekana hapo Watanzania na Wakenya watakesha kwenye komenti zako na picha yenyewe hakuna atakayeiangalia.

Halafu sema unataka nini. Hili nilichelewa kulijua. Kama unataka kujifunza, omba waziwazi na uombe kitu kimoja: "Wadau naomba maoni kuhusu mwanga hapa, niliona anga limeungua." Kama hutaki, andika tu: "Kumbukumbu ya safari, karibuni tuangalie pamoja." Haitawazuia wote, ila inampa mtu mstaarabu ishara, na yule asiye mstaarabu anajulikana mapema.

Kwa ukosoaji wa kweli kweli mimi nina watu wawili, mmoja ni fundi wa picha za harusi mjini na mwingine ni dada tunayepanda naye, nawatumia picha kabla sijaposti. Watumie kama dokumenti kwenye WhatsApp, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na hawataona kitu. Lakini kumbuka dokumenti inabeba kila kitu ndani yake, pamoja na mahali ulipopigia kama kamera ilikuwa inarekodi lokesheni, kwa hiyo usimtumie mtu usiyemwamini picha uliyopigia uani kwenu.

Hatua ya 6: Watu na mahali, hapa usikosee

Kuna ukosoaji mmoja ambao ukija unastahili kabisa, nao ni wa kumpiga mtu picha bila ruhusa. Mama anayelima matuta Mgeta sio pambo la mandhari yako. Salimia kwanza, shikamoo mama, pole na kazi, sema unaomba kupiga picha na utaiweka mtandaoni, akikataa shusha simu. Wapagazi nao, mtu amebeba kilo 20 kichwani, jasho linamtoka, anapanda kwa pumzi, na wewe umesimama mbele ya njia unampiga video ya kwenda kuchekesha watu, hapana jamani. Watoto usiposti sura zao kama mzazi hajakubali.

Usiposti mahali ulipo ukiwa bado upo, hasa mkiwa wachache au ukiwa mwanamke. Shuka kwanza, fika nyumbani, posti kesho. Na kuna maua na mimea ya kule juu, mfano yale maua madogo ya zambarau ambayo wazungu wanayaita violeti za Afrika na asili yake ni misitu ya Usambara na Uluguru, ukiyakuta yanaota porini kwenye mwamba piga picha lakini usiweke pointi kamili ya ramani, kuna watu wanang'oa. Droni pia usirushe kienyeji, kwetu inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga na ndani ya hifadhi kuna ruhusa yake nyingine, ukiposti video ya droni bila kibali umejiwekea ushahidi mwenyewe.

Hatua ya 7: Panga setingi kabla ya kubonyeza posti

Watu wengi wanakumbuka setingi wakishatukanwa. Instagram ina sehemu ya kuficha komenti zenye maneno unayoyachagua mwenyewe, andika pale matusi ya Kiswahili unayoyajua, maana ule mfumo wao wa kawaida unaelewa zaidi Kiingereza. Kuna pia kumwekea mtu mipaka bila kumblok, akikomenti anaiona yeye peke yake mpaka wewe uiruhusu, na hajui, ni nzuri sana kwa mtu mnayefahamiana ambaye ukimblok italeta kesi ya ukoo. Facebook unaweza kuchagua nani akomenti kwenye posti ya wazi, na X unachagua nani ajibu. Dakika tano tu, fanya.

Na usiposti usiku. Posti asubuhi au mchana ukiwa na kazi nyingine mkononi, ukikaa kuisubiri komenti kama unasubiri matokeo ya mtihani, hata komenti ya kawaida itakuchoma.

Hatua ya 8: Komenti zimeingia, zipange kwanza kabla ya kujibu

Naona komenti mbaya ziko za namna tatu na kila moja ina namna yake.

Ya kwanza inagusa ukweli. Niliwahi kuandika kwenye picha ya Irente "Usambara Mashariki", mtu akaja juu: "Soma jiografia kwanza, Lushoto iko Usambara Magharibi, Mashariki ni kule Amani." Lugha ilikuwa ya kukera, lakini alikuwa sahihi kabisa. Nikarekebisha kapsheni, nikaandika: "Ahsante, uko sahihi, nimerekebisha." Maneno manne, kazi imeisha. Hapa usiangalie sauti ya mtu, angalia kama anachosema ni kweli, maana hata mtoto wa shule anaweza kuichukua ile picha akaamini ulichoandika.

Ya pili inagusa ladha au ufundi. Umezidisha rangi, ungesogea kushoto, mti ule umeharibu, ukungu mwingi. Hii huna deni nayo. Iache mpaka kesho yake, ifungue picha ukiwa umetulia, uiangalie kwa jicho lake. Mara nyingine ana hoja, mimi kuna mtu alinambia kila picha yangu upeo naukatisha katikati kabisa, nikaenda kuangalia nyuma, kweli, karibu zote, nikabadilika. Mara nyingine anataka picha yako iwe kama zake. Ukitaka kujibu jibu kwa kifupi, "Nimeelewa, nitaijaribu safari ijayo", na kama umechagua kwa makusudi sema hivyo bila kujitetea: "Ukungu niliutaka, ndivyo asubuhi ile ilivyokuwa." Mstari mmoja tu. Ukianza aya ya pili jua umeshaingia kwenye ubishani.

Anayesema "umeedit hiyo" mjibu kwa vitu, sio kwa hasira: "Nimenyoosha upeo na kupandisha vivuli, sijaongeza wala kutoa kitu." Ndio maana kwenye hatua ya 4 nimesema uweze kusema ulichofanya.

Ya tatu inakugusa wewe. Mwili wako, nguo zako, "mwanamke porini anatafuta nini", "hela za kupanda milima si ungewajengea wazazi", "simu ya laki mbili unajiita mpiga picha". Hii haijibiwi. Wala usiandike lile jibu zuri lililokujia kichwani, najua ni zuri, litoe kwa rafiki yako kwenye simu mcheke, lakini usiliweke pale. Ficha, weka mipaka au blok, endelea na siku yako. Kila unapojibu unawavuta na wengine waliokuwa wanapita tu. Ikiwa ni vitisho, au mtu anakufuata kila posti na inboksi, piga skrinshoti zenye jina la akaunti na tarehe kabla hujamblok, kwa sababu ukishablok unaweza usizipate tena, na hizo ndizo utakazopeleka polisi. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya wana ya kwao ya 2018, unyanyasaji wa mtandaoni umo.

Marafiki nao uwaambie mapema. Wakija kukupigania kwa matusi posti inageuka uwanja wa vita na ukoo wa yule mtu nao unashuka. Mimi huwa nawaandikia inboksi: "Nawashukuru, ila naomba msimjibu, nimeshamalizana naye."

Ndugu ni kesi tofauti kabisa. Shangazi akiandika kwenye grupu la familia "mwanangu mbona umevaa suruali ya kubana mbele za watu", humfichi shangazi wala humjibu pale watu 60 wanasoma. Andika "Shikamoo shangazi, nimekuona, nitakupigia jioni" na upige kweli. Mara nyingi ukimpigia unakuta suruali sio tatizo, ana wasiwasi umeenda msituni na watu asiowajua, na ukimtajia mmekwenda wangapi na mlikuwa na mwongozaji mwenye kitambulisho anapoa.

Hatua ya 9: Kufuta

Usifute picha siku ile ile umeumia. Jipe siku mbili, na katika hizo siku mbili funga komenti kama zimezidi, picha ibaki. Futa kama umemkosea mtu, umeweka sura ya mtu asiyeridhia au umetoa mahali pasipotakiwa kujulikana, hapo futa haraka na uombe radhi. Kwa sababu tu mtu haikumpendeza, iache.

Na orijino tunza, kwenye flashi au memori kadi, sio kwenye simu peke yake. Ile ya Mgeta nilikuwa nimeifuta kwenye akaunti lakini kwenye flashi ilikuwepo, nikaitafuta nikaiposti upya na kapsheni fupi, mahali na mwezi, na chini nikaandika kwamba ukungu ndio wenyewe. Yule mzee alikomenti jioni, akaandika mteremko ule wa kushoto unaoingia kwenye ukungu ndipo walipokuwa wanalima njegere na mama yake, na njia ya kwenda shule ilikuwa inapita nyuma yake, ila kwenye picha haionekani. Nikamjibu: "Shikamoo baba, nikirudi tena nitaipiga hiyo njia."